Kuyafuata Maji ya Wodi Hadi Sabaki

Jumatatu, Malindi mjini

Maji anayonawia muuguzi, maji ya kufulia mashuka ya wodi ya wazazi, maji ya choo cha mgonjwa aliyechomwa sindano ya antibiotiki ya seftriaksoni alfajiri: yote huingia mtaroni na hakuna anayeuliza tena habari zake. Juma hili mimi na mdogo wangu tumeazimia kuyafuata hadi mto Sabaki. Yeye ni muuguzi na yuko likizo. Mimi nafundisha biolojia, na Desemba shule zimefungwa. Kilichotutoa nyumbani ni watoto wachanga aliowauguza mwaka huu, walioingiwa na bakteria kwenye damu. Dawa ya kwanza haikufua dafu, ya pili vilevile, na ya tatu kuna familia iliyouza mbuzi ili kuinunua. Bakteria hao walikuwa sugu, yaani antibiotiki haziwaui tena, na tunataka kujua maji haya yana mkono gani katika usugu huo.

Tulianzia kwenye ua wa hospitali moja ya hapa mjini. Fundi wa mabomba, mtu wa makamo mwenye funguo nyingi kiunoni, alikubali kututembeza.

"Karibu mwalimu. Huku nyuma wageni hawafiki," alisema, akatupitisha kando ya chumba cha kufulia.

Alituonyesha mifuniko ya zege iliyopangana, mabomba ya wodi, ya maabara na ya chumba cha upasuaji yakikutana, tangi la septiki lenye vyumba viwili, kisha shimo la kunyonyea maji lililochimbwa ndani ya mwamba wa matumbawe. Basi. Baada ya hapo hakuna hatua nyingine. Tangi la septiki kazi yake ni kutuamisha uchafu mzito chini na kuuacha uoze polepole. Linapunguza uvundo na kuzuia mabomba yasizibe, lakini halikubuniwa kuua bakteria, na dawa zilizoyeyuka majini hupita humo karibu jinsi zilivyoingia.

Watu wengi huamini kwamba dawa ikishamezwa huishia mwilini. Sivyo. Mtu akinywa amoksilini, takriban asilimia 60 ya dozi hutoka na mkojo ikiwa nzima ndani ya saa chache. Siprofloksasini nayo hutoka kati ya asilimia 40 na 50 bila kubadilika. Kwa hiyo wodi yenye wagonjwa wanaotumia antibiotiki mchana na usiku inamimina dawa chooni mchana na usiku. Ndani ya tangi hilohilo kinaingia pia kinyesi cha wagonjwa ambao tumboni mwao wamebaki bakteria walioshinda dawa, pamoja na masalio ya dawa za kusafishia sakafu na vyombo. Nikisimama juu ya ule mfuniko nilikuwa nafikiria mambo ninayowafundisha wanafunzi kila mwaka: bakteria hahitaji kuzaa ili arithishe. Anacho kiduara kidogo cha DNA kinachoitwa plasmidi, na anaweza kukitolea nakala na kumpa jirani yake kwa kugusana tu, hata kama jirani ni wa jamii nyingine. E. coli, bakteria wa tumboni, anampa Klebsiella, bakteria wa jamii nyingine. Na mara nyingi plasmidi moja hubeba jeni za usugu kwa dawa kadhaa kwa pamoja, hivyo anayeipokea anakuwa sugu kwa dawa ambazo hajawahi kukutana nazo.

Dawa iliyobaki humo majini ni chache mno kuua. Hilo halitupi nafuu. Kiasi kisichoua kinatosha kuwapunguza kasi bakteria dhaifu na kuwapa nafasi wale wenye jeni za usugu wawazidi wenzao. Tangi limejaa chakula, lina joto la pwani, lina bakteria wa kila aina waliosongamana, na dawa inadondoka humo kila saa. Sijui mazingira gani yangeweza kuwafaa zaidi.

Mdogo wangu ndiye aliyemuuliza fundi. "Kaka, shimo likijaa?"

"Twaita eksosta."

"Nayo yamwaga wapi?"

Alifunga mfuniko kwanza, akapangusa mikono. "Hilo, dada yangu, muulizeni dereva."

Jumanne, Malindi mjini

Dereva wa eksosta, lile lori la kuvuta maji taka, tulimkuta kibandani akinywa chai kwa mahamri na mbaazi. Hakuona aibu na kazi yake, na sikuona kwa nini aone. Mji wetu hauna mtandao wa mabomba ya maji taka. Nyumba, hoteli, shule na hospitali zote zinategemea mashimo, na bila malori yale Malindi ingenuka hadi Gede. Alisema anavuta popote anapoitwa, nyumba ya mtu, hoteli, zahanati, na shehena zote huchanganyika ndani ya tangi la lori. Humwaga nje ya mji, kwenye ardhi ya wazi. Mvua zikikaza na barabara kuwa tope, wapo wanaomwaga karibu na walipokwama.

"Na maji yale yaenda wapi baadaye?" nilimuuliza.

"Mwalimu, maji hufuata bonde."

Upande wa kaskazini wa mji wetu mabonde huishia Sabaki.

Kuchanganyika kule ndani ya lori kumenikaa moyoni kuliko yote niliyoyaona leo. Maji taka ya hospitali ni machache ukiyalinganisha na ya mji mzima. Yakiwa bado ndani ya ua wa hospitali, ni tangi moja au mawili, unajua yalipo, unaweza kuyatibu. Yakishachanganywa na ya mitaa yote ni lazima utibu mji mzima ili kuwapata bakteria walewale.

Mchana tulipita Shela, mji wa kale, kwa bibi mmoja mwenye kisima uani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, wajukuu wangu. Keti, keti."

Kisima chake kimechimbwa kwenye mwamba uleule wa matumbawe, na majirani wana mashimo yao ya choo pande zote. Mwamba huu umejaa nyufa na vitundu. Maji hupita ndani yake haraka, bila kuchujwa kama yanavyochujwa na udongo mzito. Bibi hanywi maji ya kisima. Ya kunywa ananunua kwa madumu kutoka kwa kijana wa mkokoteni. Ya kisima ni ya kuoshea vyombo, kufulia na kutawadhia. Nilipomweleza tunachokitafuta hakushtuka. Alisema tu kwamba zamani mashimo yalikuwa machache na watu walikuwa wachache, akamwita mjukuu alete maji ya ndimu.

Jioni tuliketi kidogo kwenye duka la dawa la rafiki. Kijana alikuja akataka kapsuli nne za amoksilini kwa ajili ya mafua. Nne tu, hela zilikuwa za nne. Sheria inataka cheti cha daktari, lakini kijana yule angenyimwa hapa angezipata duka la tatu kutoka hapa. Mafua huletwa na virusi na amoksilini haiwagusi virusi. Inachogusa ni bakteria wa tumboni mwake, wale wadhaifu wanakufa na wenye jeni wanabaki. Nalitaja hili kwa sababu haki inataka nilitaje: antibiotiki nyingi zinatumiwa nje ya hospitali, na mto hauharibiwi na hospitali peke yake. Lakini dawa za mwisho, zile zinazochomwa wakati nyingine zote zimeshindwa, zinatumiwa wodini. Na wagonjwa wenye bakteria wakaidi kuliko wote wanalala wodini. Ndiyo maana naanzia huko.

Jumatano, Daraja la Sabaki na Mambrui

Bodaboda zilitushusha darajani mapema. Mto umejaa mvua za vuli, mwekundu, mzito, umebeba magogo na vichaka vizima. Hapa ndipo mtu wa Malindi anapoona kwamba bara haiko mbali. Maji haya yameanzia nyanda za juu karibu na Nairobi yakiitwa Athi. Mto Nairobi unaingia humo ukiwa umepita katikati ya jiji, kando ya mitaa ya mabanda na jaa la Dandora, na ukiwa umepokea pia maji yanayotoka kwenye mabwawa makubwa ya kusafishia maji taka kule Ruai. Ukivuka nyika za Tsavo na kuungana na mto Tsavo unaitwa Galana, na ukikaribia kwetu unakuwa Sabaki. Ni mto wa pili kwa urefu Kenya baada ya Tana, na mwisho wake ni hapa.

Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya kupima antibiotiki na dawa za kupunguza makali ya VVU kwenye bonde la mto Nairobi. Walizikuta zote mbili. Mojawapo iliyojitokeza sana ni salfamethoksazoli, ambayo ni mojawapo ya dawa mbili zinazounda kile tunachokiita septrini. Haishangazi: watu wengi wanaoishi na VVU nchini wamekuwa wakipewa septrini kila siku kuwakinga na magonjwa nyemelezi, na imeokoa maisha mengi sana. Dawa iliyookoa mtu haina kosa. Kosa ni kwamba baada ya kumsaidia mtu imeachwa ifike mtoni. Mwaka 2022 utafiti mwingine mkubwa zaidi, uliopima mito 258 katika nchi 104, ulionyesha kwamba jambo hili ni la dunia nzima, na kwamba mito ya nchi zenye kipato cha chini na cha kati ndiyo iliyoelemewa zaidi.

Kuna jambo lingine la Nairobi ambalo lazima lisemwe. Mwaka 2011 wanasayansi waliripoti Klebsiella kutoka kwa wagonjwa wa Nairobi waliobeba jeni ya NDM-1, inayovunja karibu dawa zote za jamii ya penisilini, zikiwemo karbapenemu, ambazo ndizo tegemeo la mwisho. Sampuli zenyewe zilichukuliwa kati ya 2007 na 2009. Mwaka huohuo wa 2011, jeni hiyo ilipatikana kwenye maji ya madimbwi na hata ya bomba huko New Delhi. Jeni iliyoonekana kitandani mwa mgonjwa ikaonekana pia majini, nje ya hospitali.

Mdogo wangu alisema, "Dada, kutoka Nairobi hadi hapa ni mbali. Jua, mchanga, maji ya Tsavo, si vitakuwa vimeisafisha?"

Ni swali zuri, na sehemu ya jibu ni ndiyo. Amoksilini ni dhaifu, huvunjika upesi majini. Jua huua bakteria wengi. Maji ya mito mingine huipunguza dawa nguvu. Siprofloksasini, hata hivyo, hujishika kwenye chembe za udongo wa mfinyanzi na kukaa humo muda mrefu, na mto huu ni udongo mtupu. Halafu kuna tofauti ambayo ningependa kila anayesimamia maji aijue. Kemikali husafiri ikipungua. Jeni husafiri ikizaliana. Bakteria mmoja mwenye plasmidi akipata utando wa matope chini ya mto, wenye chakula na majirani, anaweza kuacha maelfu nyuma yake, na mvua ijayo ikayazoa matope hayo na kuyashusha.

Kwamba udongo wa bara unafika kwetu, bahari yenyewe imeweka kumbukumbu. Watafiti walitoboa tumbawe moja kubwa la Malindi, lenye umri wa karibu miaka 300, wakasoma tabaka zake, na mwaka 2007 wakaeleza kwamba alama za udongo wa mto zilipanda sana tangu mwanzoni mwa karne ya 20, mashamba yalipopanuka bara. Hilo ni tumbawe la hifadhi yetu ya baharini, iliyoanzishwa 1968. Katika kusi maji mekundu ya Sabaki husukumwa kuelekea Mambrui na Ghuba ya Ungwana. Kaskazi inaposhika, kama sasa, hushuka kusini mpaka ufukwe wa mji, na watalii huuliza bahari imefanywa nini.

Tuliteremka hadi mdomoni kwa miguu. Heroe walikuwa wamesimama kwenye tope upande wa pili, na mzee mmoja alituonya tusikaribie matete kwa ajili ya viboko. Yeye na wanawe walikuwa wakitegua nyavu za kamba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nyinyi ni wa serikali?"

"La, mzee. Mimi ni mwalimu, huyu mdogo wangu ni muuguzi."

Alitusikiliza mpaka mwisho, akavuta kamba mmoja wavuni akamtazama. "Sasa huyu ana hao vijidudu? Maana namuuza kesho sokoni."

Nilimjibu nilivyojua. Moto unaua bakteria sugu sawasawa na asiye sugu. Usugu ni dhidi ya dawa, si dhidi ya sufuria inayochemka. Anayekula kamba aliyeiva vizuri yuko salama. Hatari iko kwenye kumshika akiwa mbichi, kisu kilichomkata kisha kikakata kachumbari, kidonda cha mguu kinachoshinda topeni. Aliangalia mikono yake. Ilikuwa na mikato midogomidogo ya uzi, kama mikono yote ya wavuvi. Mdogo wangu alitoa kwenye mkoba sabuni na bendeji, akaketi mchangani akamwosha na kumfunga kidole kimoja kilichokuwa kimevimba, wakazungumza habari za wajukuu.

Mambrui tulipita tu, tukaswali adhuhuri, tukala wali na samaki wa kupaka, tukarudi kabla ya mvua.

Alhamisi, Kakoneni, Lango Baya na Baricho

Matatu ya Lango Baya iliondoka imejaa, magunia ya mahindi juu, kuku chini ya viti. Baada ya Kakoneni barabara inaukaribia mto na kuuacha, na kila mahali inapoukaribia unaona njia za miguu zikishuka bondeni: wanawake na mitungi, watoto na madumu, ng'ombe.

Karibu na Lango Baya tulishuka na kina mama wawili Wagiriama hadi mtoni. Hawateki katikati ya mto. Wanafukua shimo kwenye mchanga hatua chache kutoka kwenye maji, wanangoja lijae polepole, wanateka kwa kata. "Haya ni meupe," mmoja alisema, na ni kweli. Mchanga ni kichujio kizuri, unanasa tope na sehemu kubwa ya bakteria waliojishika kwenye tope. Lakini mita kumi juu yao ng'ombe walikuwa wameingia majini, na mchungaji, kijana mchangamfu, alitueleza kwamba ng'ombe akilegea humchoma oksitetrasaiklini anayoinunua dukani mwenyewe. Nayo hutoka na mkojo na samadi. Niliyaandika yote bila kumlaumu. Anapoteza ng'ombe, na daktari wa mifugo yuko mbali.

Baricho ndiko nilikotaka kufika kuliko kote. Visima vya hapa, vilivyochimbwa kwenye mchanga na kokoto za bonde la Sabaki, ndivyo vinavyopeleka maji Malindi, Kilifi na Mombasa. Mtu aliyeko Mombasa anafungua bomba na anakunywa, kwa kiasi fulani, mto huu. Kanuni ni ileile ya wale kina mama na shimo lao, imefanywa kubwa: maji ya mto yanapenya kwenye mchanga wa kina, yanavutwa na pampu yakiwa yamechujwa, kisha yanatiwa klorini.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana kuna hofu isiyo na msingi na kuna hofu yenye msingi, na watu huzichanganya. Bakteria aliyezoea antibiotiki hakuzoea klorini. Klorini humuunguza vilevile kama wenzake. Bomba lenye klorini ya kutosha ni salama, na kuchemsha maji nyumbani ni salama zaidi. Kinachotia wasiwasi ni safari baada ya kisima: bomba linapokauka siku mbili tatu na likapasuka mahali, maji machafu ya ardhini huvutwa ndani, na klorini ikishaisha njiani hakuna kinachomzuia aliyeingia. Na klorini ikimuua bakteria, vipande vya DNA yake huweza kubaki majini kwa muda, navyo kuna bakteria wanaojua kuviokota.

Kama mchanga na klorini vinafanya kazi hii Baricho, kwa nini visifanye kazi ile ile nyuma ya chumba cha kufulia cha hospitali? Si kwa namna hiyohiyo hasa. Ukimwaga klorini kwenye maji taka mazito, uchafu wenyewe unaila kabla haijawafikia bakteria, na humo humo inazaa kemikali nyingine mbaya. Ni lazima kwanza uchafu utue, kisha maji yapite kwenye kitu kinachoyala: vidimbwi, au kitalu cha kokoto kilichopandwa matete, ambamo mizizi na vijidudu vyema hula uchafu na jua linapiga. Ndipo mwishoni utie klorini au taa ya mionzi ya urujuanimno. Pwani yetu si ngeni kwa matete hayo. Gereza la Shimo la Tewa, kule Mombasa, lilijengewa mfumo wa namna hii kwa ajili ya maji taka yake kabla hayajafika baharini. Nchi tajiri zimekwenda mbali zaidi: Hospitali ya Herlev, karibu na Copenhagen, tangu 2014 ina mtambo wake yenyewe wenye ozoni na mkaa maalumu unaonasa masalio ya dawa. Hatuna fedha za ozoni. Matete tunayo, yanaota yenyewe pale mdomoni mwa Sabaki.

Matete hayanasi kila jeni, na baadhi ya dawa hupenya. Hata hivyo, kati ya shimo la kunyonyea lililochimbwa kwenye mwamba wenye nyufa na kitalu kinachopunguza sehemu kubwa ya bakteria, mimi sioni la kujadili.

Ijumaa, Malindi mjini

Mvua kutwa. Baada ya swala mjomba alituuliza barazani, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuambiwa na wengine, kwa nini tunaipaka hospitali tope. Nilimwambia kwamba hospitali inayohudumia watu wengi kiasi kile kwa mabomba yaliyowekwa zamani inahitaji kusaidiwa, na atakayeisaidia hatajua kama hatuzungumzi. Alitikisa kichwa, lakini alitutaka tukae tunywe kahawa.

Usiku nilisoma sheria. Sheria ya Mazingira ya 1999 inakataza kuchafua maji, na kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka vipimo vya maji taka yanayoruhusiwa kumwagwa kwenye mazingira, ikiwemo kwamba E. coli asionekane kabisa katika mililita 100. Kipimo hicho kimoja tu, kikifuatwa kwa dhati kwenye mwisho wa bomba la kila hospitali, kingezuia bakteria sugu wengi kwa mpigo, kwa kuwa mchakato unaomwondoa E. coli wa kawaida ndio unaomwondoa na ndugu yake sugu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Septemba 2024 kuhusu maji taka ya viwanda vinavyotengeneza antibiotiki. Sisi hatuna viwanda hivyo Malindi. Tuna wodi.

Jumamosi, Kilifi

Matatu kwenda Kilifi, bahari kushoto, msitu wa Arabuko-Sokoke kulia kwa kitambo, kisha mashamba. Kilifi ina historia ndefu katika jambo hili. Tangu 1989 KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na shirika la Wellcome Trust la Uingereza wamekuwa wakifanya utafiti hapa pamoja, na ripoti yao ya 2005 kuhusu watoto waliolazwa hospitali ya hapa ilionyesha kwamba zaidi ya robo ya watoto waliofia wodini walikuwa na bakteria kwenye damu. Mdogo wangu alinyamaza nilipomsomea hilo garini. Antibiotiki inayofanya kazi ndiyo iliyosimama kati ya watoto wa namna hiyo na kaburi. Kwa dunia nzima hesabu iliyochapishwa 2022 ilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na kwamba Afrika Magharibi, kusini mwa Sahara, ndiko vifo vilikozidi ukilinganisha na idadi ya watu. Septemba 2024 mataifa yalikubaliana kwenye Umoja wa Mataifa kupunguza vifo vinavyohusishwa na usugu kwa asilimia 10 ifikapo 2030.

Tulipokewa na rafiki yetu tuliyesoma naye, sasa mtaalamu wa maabara. Alitoa sahani mbili za agari, ile rojo iliyoganda ya kuoteshea bakteria, akatueleza njia ambayo Shirika la Afya Duniani ilieneza mwaka 2021 kwa nchi zenye uwezo mdogo. Maji yaleyale unayapanda kwenye sahani mbili, moja ya kawaida na moja iliyotiwa antibiotiki ya sefotaksimu. Unaziacha usiku kucha kwenye joto. Asubuhi unahesabu madoa ya waridi ya E. coli. Wanaoota kwenye ile yenye dawa ndio sugu, na ukigawanya kwa jumla unapata ni sehemu gani ya bakteria wa mto huo wamekwisha kuwa sugu. Haihitaji mashine ya mamilioni. Inahitaji agari, dawa kidogo, joto la uhakika, na mtu mwenye subira.

"Mmefanya la maana kuja kwanza kabla ya kuteka," alisema. "Watu huniletea maji kwenye chupa za soda, siku ya pili, yamechemka na jua."

Akatupa masharti. Chupa zilizotakaswa, sanduku la barafu, zifike Kilifi siku ileile. Mahali pa kuteka tulipanga pamoja juu ya karatasi: mwisho wa tangi la hospitali, kisima cha bibi kwa idhini yake, chini ya daraja la Sabaki, mchanga wa Lango Baya juu ya wanapoteka kina mama, na bomba moja la mjini kama kipimo cha kulinganishia. Lile tangi ndilo gumu, linahitaji ruhusa ya maandishi ya msimamizi wa hospitali. Mdogo wangu anarudi zamu Jumatatu na barua ataipeleka mwenyewe. Ndani yake tumeandika kwamba matokeo atayapata msimamizi kabla ya mtu mwingine yeyote, na kwamba tunaomba mazungumzo juu ya kitalu cha matete na nafasi ya kukiweka. Mimi nimeachiwa kutafuta fedha za agari, na nitaanza na wazazi wa shule yetu.

Kwa kuteka darajani, rafiki yetu alisisitiza maji yawe yamekupwa, ili tuchukue mto na si bahari iliyopanda. Wakati wa bamvua maji yetu hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Tukiwa na chupa zote kwenye barafu saa tano, na matatu isipochelewa njiani, saa nane mchana zitakuwa mezani kwake.